UZI: Kijana wako anasikiliza "makelele"? Soma huu kabla hujamnyang'anya simu

Mama mwenzangu, na nyie akina baba mnaosoma humu kimya kimya, karibuni. Uzi wa leo ni mrefu, chukua chai. Hauhusu chanjo wala uji wa lishe. Unahusu muziki, lakini nauandika kama nesi.

Mmoja wenu kaniandikia. Kijana wake yuko kidato cha tatu, likizo nzima kavaa hedifoni. Siku moja mama kazivaa yeye, kasikia mtu anapiga mayowe juu ya ngoma zinazokimbia kama mashine ya kusaga. Kwenye simu pameandikwa Emperor, na chini yake Prometheus. Swali lake: "Nesi, huu ni ugonjwa, ni mapepo, au ni ujana tu?"

Jibu fupi: muziki peke yake hauwezi kukuambia. Nimeisikiliza hiyo albamu mwanzo mwisho, siyo mara moja. Nimefuatilia pia wanaoipenda na wasioipenda wanabishana nini. Maoni yangu ni haya: ukimhukumu mtoto kwa kelele utakosea, na ukimwacha tu na hedifoni zake bila kumuuliza kitu utakosea vilevile. Twende taratibu.

1. Ni kitu gani hiki?

Emperor ni bendi ya Norwe, kutoka Notodden, mji mdogo wa mkoa wa Telemark. Muziki wao unaitwa blaki metali, tawi kali kabisa la roki. Ulikua sana Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gitaa zinakwaruza mfululizo, ngoma zinapigwa kwa kasi ya ajabu, na mwimbaji haimbi kama tulivyozoea, anakwaruza koo. Emperor wakaongeza vinanda vinavyojaza sauti kama okestra nzima.

Walitoa In the Nightside Eclipse mwaka 1994, Anthems to the Welkin at Dusk mwaka 1997, na IX Equilibrium mwaka 1999. Hii ya kijana wetu ni ya mwaka 2001, jina lake kamili Prometheus: The Discipline of Fire & Demise. Nyimbo 9, dakika kama 50. Mwaka huohuo bendi ikavunjika. Baadaye walirudi jukwaani, ila ndiyo albamu yao ya mwisho.

Na Prometheus ni nani? Kwenye hadithi za Wagiriki wa kale, ni yule aliyeiba moto kwa miungu akawapa binadamu. Adhabu yake ilikuwa kufungwa kwenye mwamba, kila siku tai anakuja kumla ini, na ini linaota tena. Sisi wa hospitali tunajua ini kweli lina uwezo wa kukua upya, ingawa siyo kwa kasi ya usiku mmoja. Likumbuke hilo ini, nitalirudia.

2. Hata wapenzi wa muziki huu wanaigombania

Hapa ndipo nilipofurahi. Nilidhani wanaosikiliza muziki huu wote wanapenda kelele yoyote ile. Kumbe wenyewe kwa wenyewe hawaelewani kuhusu albamu hii, na kila upande una hoja.

Kuna wanaosema imejaa kupita kiasi. Gitaa hili linakwenda kushoto, lile kulia, kinanda kinaingia katikati, kasi inabadilika kabla hujaizoea ya kwanza. Wanasema hakuna pa kushika. Albamu ya 1994 ilikuwa na baridi na ukungu, unaizamia. Hii ni kama mtihani wa hesabu.

Kuna wanaosema siyo Emperor tena. Muziki wote na maneno yote aliandika mtu mmoja, Ihsahn, mwimbaji na mpiga gitaa. Wenzake wawili, Samoth wa gitaa na Trym wa ngoma, tayari walikuwa na bendi nyingine, Zyklon, iliyoelekea kwenye deth metali, na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka huohuo wa 2001. Kwa hiyo hawa wanasikia ndoa inayovunjika. Wanasema ni albamu ya Ihsahn peke yake iliyovaa jina la bendi. Kweli baadaye aliendelea kutoa albamu kwa jina lake, na ukizisikiliza unaona njia ilianzia hapa.

Kuna wanaolalamikia usafi. Blaki metali ya zamani ilipendwa kwa sauti chafu, kama inatoka pangoni. Hii kila kitu kinasikika, ngoma zimenyooka, na wao wanasema usafi umeua roho.

Halafu kuna wanaosema hii ndiyo kazi yao bora kuliko zote. Maelezo yao yanafanana sana: mara ya kwanza sikuambulia kitu, mara ya tatu nikasikia gitaa la chini linajibizana na la juu, mara ya kumi nikaona hakuna kitu kilichowekwa ovyo. Wanasema ni albamu isiyokukaribisha, lakini ukishaingia hutoki.

Mimi nasimama wapi? Karibu na hawa wa mwisho, lakini siyo ndani kabisa. Naamini kila kitu kimepangwa. Usikivu wa mtu aliyeandika gitaa, vinanda na sauti vikapishana bila kugongana siyo wa kawaida. Ila nakubaliana na wa kwanza kwamba hakuna pa kupumzikia. Dakika 50 bila kupumua ni nyingi, na nikimaliza nachoka kama nimetoka zamu. Kuna nyimbo mbili tatu ningezipunguza bila huruma.

Sasa mama, angalia nilichofanya hapo juu. Nimetoa maoni yenye sababu. Kijana wako naye anaweza. Umeshawahi kumuuliza?

3. Sikio linafundishwa

Nikupe mfano unaoujua. Kile kidude kama tarumbeta ndogo ambacho nesi anakiweka tumboni kwako kliniki, anainama na kuweka sikio. Fetoskopu. Mwanafunzi wa uuguzi akiweka sikio siku ya kwanza anasikia fujo tupu. Tumbo linanguruma. Mshipa wa mama unapiga. Damu inavuma kwenye kondo. Nje, wodi nzima inaongea. Anamwambia mkunga, "Sisikii kitu," na mkunga anamjibu, "Tulia, sikiliza tena."

Baada ya wiki kadhaa, kwenye fujo ileile, anamsikia mtoto. Tiki-tiki-tiki, kati ya mapigo 110 na 160 kwa dakika, tofauti kabisa na mapigo ya mama. Tumbo halijabadilika. Kilichobadilika ni sikio lake.

Ndicho wanachokisema wale wa "mara ya kumi". Kelele mara nyingi ni jina tunalolipa jambo ambalo sikio letu bado halijalifundishwa. Bibi yangu aliuita muziki wa dansi wa mama yangu makelele. Mama naye akaita bongo fleva yetu makelele. Sasa zamu imetufikia sisi.

Simaanishi ukijilazimisha utaipenda. Wengine wameisikiliza mara mia na bado hawaitaki, na ni haki yao. Ninachosema ni kwamba kijana anayekaa na kitu kigumu kama hiki dakika 50, anarudia mpaka akielewe, hana tatizo la umakini kwa sababu hiyo. Pengine ana umakini ambao mwalimu wake wa hesabu angeutamani.

4. Historia yake usifichwe

Ukiitafuta bendi hii mtandaoni utakutana na mambo ya kutisha, na ni bora uyasikie kwangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya vijana wa blaki metali Norwe walichoma makanisa. Samoth wa Emperor alifungwa kwa kuchoma kanisa. Mpiga ngoma wao wa wakati huo, aliyeitwa Faust, alifungwa kwa kumuua mtu mwaka 1992. Siyo uvumi, ni hukumu za mahakama. Faust hayumo kwenye albamu ya 2001, aliyepiga ngoma ni Trym. Lakini Samoth yumo.

Najua humu tuna Waislamu na Wakristo, na kuchoma nyumba ya ibada hakuna namna ya kulipamba. Wala mimi sitalipamba. Kuna wasikilizaji wanaosema muziki ni kitu kimoja na matendo ya mtu ni kingine. Kuna wanaosema hawawezi kutenganisha, wakaacha kabisa kuisikiliza. Wote nawaelewa.

Kwa mzazi, naona hivi: mwanao akiwa na umri wa kuisikiliza albamu hii, ana umri wa kuambiwa historia hii. Kaa naye, mwambie, "Hawa watu walifanya hivi. Wewe unaionaje?" Halafu nyamaza usikie jibu. Mazungumzo hayo yatamjenga kuliko kufuta albamu kwenye simu, maana ataipakua tena usiku huohuo na safari hii hatakuambia.

Maneno ya albamu yenyewe yanazunguka kwenye ile hadithi ya moto. Hayaelekezi mtu akachome kitu. Majina ya nyimbo lakini ni mazito: Empty, yaani tupu. Grey, kijivu. Thorns on My Grave, miiba juu ya kaburi langu. Mama akiyasoma hayo kwenye simu ya mwanae moyo lazima uruke. Nitakuja huko.

5. Kilicho hatari kweli: namba ya sauti

Hapa naongea kama nesi, na hapa sina utani. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Na sikio halijali aina ya muziki. Kwaya, kaswida, singeli, blaki metali, kwa sikio yote ni nguvu ya mtikisiko.

Kipimo ni hiki. Kwa mtu mzima, sauti ya desibeli 80 ni salama mpaka saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Sauti ikipanda desibeli 3 tu, muda salama unakatika nusu. Ikifika 90, mtu mzima ana saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, ana dakika kama 20 kwa wiki nzima.

Sasa piga hesabu na albamu yetu ya dakika 50. Kwa desibeli 80, mtu mzima anaweza kuirudia mara 48 kwa wiki. Kwa 90, hafikishi hata mara 5. Kwa 100, hajafika nusu ya albamu na kipimo cha wiki kimeisha. Kwa mtoto, punguza zaidi.

Albamu iliyojaa hivi ina mtego wake: msikilizaji anataka kunasa kila gitaa, kwa hiyo anaongeza sauti. Na akiwa kwenye daladala, kelele za nje zinamfanya aongeze tena.

Unakumbuka ini la Prometheus, linaloota kila siku? Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinywele vinavyopokea sauti. Hizo zikifa hazioti tena. Hakuna dawa, hakuna tone, hakuna mafuta ya nazi ya moto. Na tafadhali msimwagie mtoto mafuta sikioni.

Dalili za kuangalia: mlio masikioni baada ya kuvua hedifoni, kuomba watu warudie walichosema, kuongeza sauti ya tivii kuliko wenzake. Ukiona hizo, mpeleke akapimwe masikio.

Na kama una kichanga ndani, huu muziki usipigwe kwenye spika karibu na kitanda chake, na wala huo mwingine mnaoupenda nyie usipigwe kwa sauti kubwa. Mjamzito usiweke hedifoni tumboni. Mtoto anasikia huko ndani, sauti yako inamtosha.

6. Je, utamfanya awe mkali?

Hili ndilo swali mnaloniuliza kwa sauti ya chini. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa muziki mkali wa aina hii, umri kuanzia 18 mpaka 34. Wakawakasirisha makusudi kwa kuwauliza mambo yanayowaudhi maishani. Kisha wengine wakasikiliza muziki wao kwa dakika 10, wengine wakakaa kimya. Muziki haukuwaongezea hasira. Hasira na msongo vilishuka kwa waliosikiliza kama vilivyoshuka kwa waliokaa kimya.

Usiubebe utafiti huu kuliko uzito wake. Watu 39 ni wachache, walikuwa watu wazima, na wote walikuwa tayari wanaupenda muziki huo. Haukuambii chochote kuhusu mtoto wa miaka 9, na mtoto wa miaka 9 mimi nisingempa albamu hii. Lakini unakuonyesha kwamba picha ya "anasikiliza mayowe, kwa hiyo atampiga mdogo wake" haina msingi mzuri.

7. Mwangalie mtoto, siyo orodha ya nyimbo

Kuna kijana anasikiliza Thorns on My Grave, anakula vizuri, ana marafiki, anagombana na wewe kuhusu vyombo. Huyo ni kijana. Kuna mwingine anasikiliza nyimbo za mapenzi laini kabisa na ndani anaisha, na kwa sababu nyimbo zake ni tamu hakuna anayemuuliza.

Vinavyonitisha mimi ni hivi: halali, au analala mchana kutwa. Kaacha kula. Kaacha marafiki na michezo aliyokuwa anaipenda. Masomo yameporomoka ghafla. Anagawa vitu vyake. Anasema maneno kama "bora nisingekuwepo." Anajikata na kuvaa mikono mirefu kwenye joto.

Ukiona hayo, muulize wazi kama anafikiria kujidhuru au kufa. Wengi mnaogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Hakumpi. Kunampa mlango wa kusema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu dawa na sumu za panya na za shamba, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Msimpige wala msimfungie chumbani. Maombi na dua endeleeni navyo, lakini visichukue nafasi ya hospitali.

8. Fanya hivi wiki hii

Mosi, omba hedifoni moja, yeye abaki na nyingine, achague wimbo mmoja wa kuwasikilizisha wote wawili. Wimbo mmoja tu, siyo albamu nzima, usijitese.

Pili, usiseme "haya ni makelele." Muuliza, "Mimi sisikii pa kushika. Wewe unasikiliza kitu gani hapa?" Akikuelekeza, "Mama, sikiliza hilo gitaa la nyuma," umempata. Akikujibu, "Huu tu ndio unanielewa," hapo pia umempata, ila kwa namna nyingine, na unarudi kwenye namba 7.

Tatu, mkubaliane sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wa simu. Simu nyingi zina sehemu ya kuwekea kikomo, iwekeni pamoja. Hedifoni zinazokaa vizuri sikioni na kuzuia kelele za nje zinamsaidia kusikia kwa sauti ndogo. Na usiku zivuliwe. Kulala nazo hapana.

Nne, una haki ya kutoupenda. Mwambie ukweli: "Nimesikiliza, sijaupenda, lakini nimekuelewa kidogo." Wapenzi wa Emperor wenyewe wanabishana miaka yote hii kuhusu dakika 50 na hawajamaliza. Wewe na mwanao mnaweza kutokubaliana na bado mkala pamoja.

Mwenye swali aandike hapa chini. Kama swali ni la siri, nitumie ujumbe, nitajibu nikitoka zamu. Na wewe mama wa kidato cha tatu, ukishasikiliza naye rudi utuambie alikuchagulia wimbo gani.

Uzi ujao: nta ya masikio, na kwa nini pamba za vijiti nazichukia.